Kinga ya Mwili na Virusi vya Asili: Mfano wa Tumbili, Mbega na Sokwe

Kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa umeinuka uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya majani na upepo, ambayo mji wake mkuu ni Sumbawanga. Sehemu kubwa ya uwanda huo haina miti mingi. Misitu imesalia vipande vipande, na kilicho mashuhuri miongoni mwa vipande hivyo ni msitu wa Mbizi, karibu na mji wa Sumbawanga, katika milima inayolitazama bonde la Rukwa. Humo huishi mbega wekundu. Mwaka 2007 jarida liitwalo Primate Conservation lilitoa habari za hesabu yao, iliyofanywa na Tim Davenport na wenzake, nayo iliwataja kuwa ni mbega wa pembeni upande wa kusini, waliotengwa na jamaa zao wa kaskazini. Nje ya misitu, kando ya mito na mashamba, wako tumbili, ambao kila mkulima wa mahindi awajua vema. Na katika misitu ya Lwafi, wilaya ya Nkasi, wako sokwe, ambao ni miongoni mwa sokwe wa kusini kabisa katika Afrika ya Mashariki.

Tumbili, mbega na sokwe si wanyama wa jinsi moja, wala maisha yao hayafanani. Lakini liko jambo liwaunganishalo, nalo lahusu tiba ya binadamu pia. Katika kila jinsi ya wanyama hao watatu, mahali fulani katika bara hili, vimegunduliwa virusi vilivyo jamaa ya virusi viletavyo Ukimwi. Wengine kati yao huvichukua maisha yao yote bila kuugua; wengine hudhoofika na kufa. Sababu ya tofauti hiyo ni swali ambalo limewashughulisha wataalamu tangu miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya jawabu imepatikana katika mwenendo wa seli za damu. Maelezo yafuatayo yana madhumuni mawili: kwanza kulieleza jawabu hilo kwa Kiswahili, pili kupima kama neno kuu la habari yenyewe, yaani neno kinga, laweza kuibeba maana inayotakiwa.

Maneno yanayotumika

Neno virusi limeingia katika Kiswahili na kupokewa kama kwamba lilikuwa la ngeli ya vi- tangu asili. Kwa hiyo kimoja chaitwa kirusi, ingawa umbo hilo hukutana na jina la lugha ya Warusi. Neno seli limetokana na Kiingereza, nalo hushindana na chembe, neno la kale litajalo kitu kidogo kama punje ya mchanga. Katika maelezo haya seli ndilo limechaguliwa, maana chembe haionyeshi kwamba kitu chenyewe kina uhai, chala, chagawanyika na kufa. Mnyama abebaye virusi huitwa mwenyeji, na neno hilo lafaa sana, kwa sababu lachukua pamoja nalo wazo la mgeni.

Neno kinga ndilo lenye uzito zaidi. Ugonjwa wa Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, umepata jina lake katika neno hilo: Upungufu wa Kinga Mwilini. Tangu hapo karibu kila msemaji wa Kiswahili amelizoea kwa maana ya nguvu za mwili zipiganazo na maradhi. Walimu na waganga hulieleza kwa mifano ya vita: seli nyeupe ni askari, virusi ni adui, mwili ni ngome. Mifano hiyo imesaidia watu wengi kufahamu. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, habari za tumbili haziwezi kuelezwa sawasawa kwa mifano ya vita peke yake.

Virusi vyenyewe

Virusi vinavyohusika ni vya kabila liitwalo retrovirusi. Kwa kawaida katika seli habari za urithi hunakiliwa kutoka katika DNA kwenda katika RNA. Retrovirusi hufanya kinyume: huingia katika seli vikiwa na RNA, kisha kwa msaada wa kimeng'enya chao wenyewe huigeuza kuwa DNA na kuishona ndani ya urithi wa seli. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa uchunguzi wake, nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1975. Matokeo ya kazi hiyo ya kinyume ni makubwa. Kirusi kikiisha kushonwa katika urithi wa seli, hakitoki. Seli ikigawanyika, nacho chagawanyika pamoja nayo. Mgeni huyo haondoki tena.

Retrovirusi vya namna hii viligunduliwa katika makaki, yaani nyani wadogo wa Asia, waliofugwa Marekani, na habari zao zikatangazwa mwaka 1985. Makaki hao waliugua maradhi yaliyofanana na Ukimwi. Upesi ilionekana kwamba hawakuvipata Asia; walivipata katika vifungo, kutoka kwa mangabei wa Afrika ya Magharibi. Mangabei wenyewe walikuwa navyo, nao walikuwa wazima. Vivyo hivyo tumbili wa Afrika walionekana kuwa na virusi vyao, na vipimo vikazidi kuonyesha kwamba karibu kila jinsi ya kima wa bara hili kusini ya Sahara ina virusi vyake yenyewe. Lakini mipaka hiyo yaweza kuvukwa. Mwaka 1994 ilitangazwa habari ya nyani mmoja wa manjano wa Tanzania aliyekutwa na virusi vya tumbili; kwa maana hiyo virusi vilikuwa vimevuka kutoka jinsi moja hata nyingine porini, pasipo mkono wa binadamu.

Kwa upande wa mbega wekundu, uchunguzi ulio karibu na Ufipa ni ule wa msitu wa Kibale, Uganda, ambako wako mbega wa jinsi ileile inayopatikana Mbizi. Mwaka 2009 Tony Goldberg na wenzake walieleza kwamba mbega hao walikuwa na retrovirusi vya namna tatu pamoja. Moja ni ya kundi la virusi vya Ukimwi. Ya pili ni jamaa ya virusi vinavyoweza kuleta saratani ya damu kwa binadamu. Ya tatu ni virusi vya povu, viitwavyo hivyo kwa sababu seli zikiambukizwa katika chupa ya maabara hufanya mapovu. Virusi hivyo vya povu vilikuwa katika mbega karibu wote. Mbega hao hawakuwa mizoga wala wagonjwa mahututi. Walikuwa wakila majani juu ya miti kama desturi yao.

Kazi ya seli

Ili kuielewa afya hiyo, hapana budi kuzitofautisha seli za aina tatu. Za kwanza ni seli T zenye protini iitwayo CD4 juu ya utando wake. Kazi yake ni kusaidia: hutoa ishara ziziamshazo seli nyingine, na pasipo ishara hizo kazi ya kinga hulegea. Virusi vya kundi la Ukimwi huishika CD4 kama mkono ushikavyo kitasa, na kwa njia hiyo huingia ndani. Za pili ni seli T zenye CD8, ambazo huzitambua seli zilizokwisha ambukizwa na kuziua. Za tatu ni seli za uuaji wa asili, ambazo huua seli zilizoharibika bila kungoja kufundishwa kwanza. Nje ya seli hizo ziko kingamwili, yaani protini zielezo katika damu. Lakini habari ya hapa ni ya seli.

Mtu angedhani kwamba tumbili amesalimika kwa sababu seli zake za CD8 ni hodari kuliko za makaki au za binadamu, nazo zimevishinda virusi. Dhana hiyo ndiyo iliyopimwa kwanza, nayo haikuthibitika. Damu ya tumbili aliyeambukizwa aghalabu huwa na nakala nyingi za virusi, maelfu hata malaki katika mililita moja, karibu sawa na damu ya makaki aliye njiani kufa. Seli zake za CD8 huvitambua virusi na kufanya kazi, lakini si kwa nguvu ipitayo ile ya makaki. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa Jörn Schmitz na wenzake, ambao waliwaondolea wanyama seli hizo za CD8 pamoja na seli zitengenezazo kingamwili wakati wa maambukizo. Makaki waliofanyiwa hivyo waliugua upesi na kufa. Tumbili waliofanyiwa vilevile hawakuugua. Basi kama tumbili alinyang'anywa silaha zake naye akabaki mzima, ni dhahiri kwamba uzima wake haukutegemea silaha hizo.

Mambo manne ya tumbili

Jawabu limepatikana katika mambo manne, ambayo yafuatana.

La kwanza ni kutulia. Virusi viingiapo, mwili wa tumbili hushtuka kama mwili wa makaki: intaferoni, yaani dutu zitoazo habari ya hatari, hupanda sana, na mamia ya jeni huamshwa. Tofauti huja baada ya majuma machache. Katika tumbili na katika mangabei mshtuko huo hushuka karibu na hali ya kawaida, hali virusi vingali vingi katika damu. Uchunguzi wa mwaka 2009 uliofanywa katika maabara mbalimbali ulikubaliana juu ya jambo hilo. Katika makaki, kama katika binadamu asiyepata dawa, mshtuko haushuki. Seli huamshwa mchana na usiku, hugawanyika, huchoka na kufa; na kila seli ya CD4 iliyoamshwa ni nyumba mpya kwa virusi. Hivyo mwili hujimaliza wenyewe kwa juhudi yake.

La pili ni utumbo. Seli nyingi za CD4 hukaa katika ukuta wa utumbo, na virusi hushambulia huko kwanza. Tumbili naye hupoteza nyingi kati ya hizo katika siku za mwanzo. Lakini ukuta wake hubaki mzima, na zile seli zilindazo mpaka kati ya mwili na vijidudu vya chakula hazitoweki. Katika makaki ukuta hupenya. Mabaki ya bakteria huingia katika damu, na mwili huamka upya kila siku kwa sababu yake. Wachunguzi walipowatia tumbili walioambukizwa sumu ya bakteria kwa makusudi, virusi viliongezeka. Ndipo ikadhihirika kwamba utulivu wa tumbili watunzwa na utumbo wake.

La tatu ni kuondoa kitasa. Mwaka 2009 ilielezwa kwamba seli T za tumbili, zikiisha kuwa seli za kumbukumbu, huacha kuonyesha CD4 juu ya utando wake. Jambo la ajabu ni kwamba huendelea kufanya sehemu ya kazi ya usaidizi ingawa alama yake haipo tena. Kwa hiyo virusi havioni pa kushika, na kazi ya mwili haisimami. Tumbili mzee aweza kuonekana katika vipimo kuwa na seli chache za CD4, na mpimaji asiyejua akamhesabu kuwa mgonjwa, kumbe kazi inaendelea chini ya sura nyingine.

La nne ni mahali. Ndani ya tezi za limfu kuna vituo ambamo seli za CD8 kwa kawaida haziingii kwa wingi, na katika makaki na binadamu virusi hujificha humo. Mwaka 2017 Nicolas Huot na wenzake walionyesha kwamba katika tumbili seli za uuaji wa asili huingia katika vituo hivyo na kuvizuia virusi visizaliane humo. Tezi zake hazivimbi kwa muda mrefu wala hazigeuki kovu. Basi si kweli kwamba tumbili hapigani kabisa. Hupigana mahali pamoja pafaapo, na penginepo huacha.

Kwa mambo hayo yafaa kuongezwa la desturi ya maambukizo. Tumbili huambukizana zaidi wakiwa wazima, kwa kujamiiana na pengine kwa kuumana. Watoto waambukizwao na mama zao ni wachache sana, maana katika ukuta wa kinywa na utumbo wao seli za kushikwa ni haba. Tumbili waliopelekwa visiwa vya Karibi katika karne za biashara ya watumwa hawana virusi hivi hata leo, na sababu itolewayo ni kwamba waliochukuliwa walikuwa wachanga.

Umri wa mapatano

Mwenendo huo haukupatikana kwa siku moja. Kisiwa cha Bioko, katika Ghuba ya Guinea, kilitengwa na bara kwa kupanda kwa bahari yapata miaka 10,000 iliyopita, na kima waliobaki huko wana virusi vilivyo jamaa ya vile vya bara. Kwa kulinganisha virusi hivyo, Michael Worobey na wenzake walikadiria mwaka 2010 kwamba kabila hili la virusi lina umri usiopungua miaka 32,000, na huenda mwingi zaidi. Katika muda kama huo wenyeji wasioweza kustahimili hufa kabla ya kuzaa, na wastahimilio huacha watoto.

Sokwe aonyesha upande wa pili. Virusi vyake vimetungwa na sehemu za virusi vya kima wa namna mbalimbali, ambao sokwe wa Afrika ya Kati waliwawinda na kuwala. Katika hifadhi ya Gombe, mkoa wa Kigoma, ambako Jane Goodall alianza uchunguzi wake mwaka 1960, virusi hivyo vilitambuliwa katika sokwe wa porini, na habari ikatangazwa mwaka 2002. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba sokwe naye havimdhuru. Mwaka 2009 dhana hiyo iliondolewa. Brandon Keele na wenzake waliwafuatia sokwe 94 kwa miaka 9. Kati yao 17 walikuwa wameambukizwa, na hatari ya kufa kwa walioambukizwa ilikuwa mara 10 hadi 16 kuliko kwa wenzao wa umri ule ule. Majike wenye virusi walizaa kwa nadra, na watoto wao hawakudumu. Katika maiti zilizochunguzwa zilionekana dalili za upungufu wa seli za CD4. Sokwe, kwa hiyo, yuko karibu na binadamu hata katika jambo hili: ni mwenyeji ambaye hajapatana bado na mgeni wake.

Maana ya neno kinga

Hapa swali la lugha larudi. Ikiwa kinga ni ngao tu, tumbili hana kinga, kwa kuwa virusi vimejaa damu yake. Na makaki anayo tele, kwa kuwa mwili wake hauachi kupigana. Lakini ni tumbili aliye hai. Ama neno lina kasoro, ama limefahamiwa kwa upande mmoja.

Yaelekea ni hilo la pili. Kitenzi kukinga kina matumizi mawili ya kila siku. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, yaani huizuia isimfikie. Na mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya bati, yaani huyapokea yasimwagike na kuharibu. Katika tendo la kwanza maji hukataliwa. Katika la pili hukubaliwa na kuwekewa mipaka. Kinga ya makaki ni ya mwavuli, nao mwavuli umekwisha pasuka. Kinga ya tumbili ni ya ndoo. Tena liko neno jingine lenye umbo lilelile, kinga kwa maana ya kijinga cha moto, lililohifadhiwa katika methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Neno hilo si la asili moja na lile la kwanza kwa lazima, lakini laweza kumkumbusha mwalimu jambo la kweli: seli zinazoamshana bila kikomo huwasha moto uteketezao nyumba iliyokusudiwa kulindwa.

Kwa ajili ya istilahi, basi, ingefaa kutenga kinga ya kuzuia na kinga ya kustahimili, au kwa majina mafupi ukinzani na ustahimilivu. Faida yake si ya wanafunzi wa biolojia tu. Mgonjwa wa Ukimwi huambiwa kwamba dawa zitapunguza virusi na kupandisha kinga. Lakini hata virusi vikizuiwa sana, mwili wa wengi hubaki umeamka kuliko inavyopasa, na kuamka huko huchosha moyo na mishipa. Mgonjwa asiyekuwa na neno kwa jambo hilo hataelewa kwa nini daktari aendelea kumpima ingawa virusi havionekani.

Jambo la Ufipa

Yabaki kueleza mambo haya yana maana gani kwa watu waishio jirani na misitu. Virusi vya Ukimwi vya namna ya kwanza vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kamerun, na vya namna ya pili kwa mangabei wa Afrika ya Magharibi. Njia ipewayo uzito ni damu ya mnyama aliyewindwa na kuchinjwa. Mwaka 2004 ilitangazwa pia kwamba wawindaji wa Kamerun wamekutwa na virusi vya povu vya nyani na kima. Virusi hivyo havijaonekana kuleta ugonjwa kwa binadamu, lakini vimethibitisha kwamba njia ingali wazi. Kwa hiyo hatari haimo katika kuishi na tumbili kando ya shamba, wala katika kumtazama mbega juu ya mti. Imo katika kisu, katika kidonda cha mkono, na katika kuumwa.

Yafuata kwamba kuwaua wanyama hao kwa hofu ya virusi ni kuifanya hatari iwe kubwa zaidi, maana muuaji ndiye aigusaye damu. Huko Zanzibar mbega mwekundu huitwa kima punju, na punju ni sumu. Jina hilo laonyesha jinsi mnyama asiye na hatia awezavyo kuvikwa sifa ya kudhuru. Mbega wekundu wa jinsi ya Mbizi wamo katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na msitu wao ukikatwa hawana pa kukimbilia, kwa sababu pande zote ni nyika. Wakitoweka, kutapotea pamoja nao maelfu ya miaka ya mapatano kati ya mwili na maradhi, mapatano ambayo tiba ya binadamu ingali ikijifunza kuyasoma.